Zafarani Tabora: Namna ya Kununua Nyuzi Bila Kuuziwa Maneno

Ukiulizia zafarani dukani, kabla hujaitazama yenyewe, tazama muuzaji anaitoa wapi. Akifungua droo ya pesa na kutoa kikopo kidogo kilichokaa kando ya daftari la madeni, subiri uone. Ikiwa imemwagwa kwenye sinia, kilima chekundu kati ya manjano na iliki, na inachotwa kwa kijiko cha chai, mshukuru na uende zako. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayechota zafarani kwa kijiko cha chai.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeko Tabora, Urambo, Nzega au Sikonge, anayetaka zafarani ya biriani, ya halua au ya kombe, au anayefikiria kuipakia na kuiuza. Naanza na habari njema: mkazi wa Tabora ana mafunzo ya bure ambayo mtu wa Dar es Salaam hana. Amekulia kwenye asali. Toka utotoni amefundishwa kuishuku chupa ya asali: imetoka pori gani, imelinwa msimu gani, ni ya nyuki wakubwa au wadogo, kwa nini ni nyepesi, kwa nini inanukia moshi. Shaka hiyo hiyo ihamishie kwenye zafarani.

Lakini makosa ya kwenye asali usiyahamishe. Wengi wetu bado tunaamini kwamba kijiti cha kiberiti kilichochovywa kwenye asali kikiwaka, basi asali ni halisi. Kijiti hicho kinakueleza habari za maji tu. Sukari iliyochemshwa mpaka ikawa nzito nayo hukiacha kikawaka vizuri. Hata zafarani haina jaribio moja linalomaliza kazi. Yapo manne au matano, na ukiyafanya yote kwa pamoja ndipo muongo anapokosa pa kujificha.

Kwanza ujue unachonunua. Zafarani ni nyuzi tatu nyekundu zilizomo katikati ya ua dogo la zambarau. Ua hilo huota kwenye kitunguu kifupi ardhini, na huchanua kwa wiki chache tu majira ya baridi yanapokaribia, huko Khorasan nchini Irani, Pampore kule Kashmir, Herat nchini Afghanistan, La Mancha nchini Hispania na Taliouine nchini Morocco. Ua huchumwa alfajiri, kabla jua halijalilegeza. Kisha watu hukaa mezani, mara nyingi wanawake, wakazichomoa zile nyuzi kwa vidole, ua baada ya ua, na kuzikausha. Kilo moja ya zafarani kavu hula maua yapatayo 150,000. Igawe mwenyewe: gramu moja ni maua 150, na kwa kuwa kila ua lina nyuzi tatu, gramu moja ni nyuzi kama 450.

Namba hiyo ya 450 ishike. Ukiletewa kifuko kilichoandikwa gramu moja, ukakifungua ukakuta nyuzi sitini, huhitaji maabara.

Zamani kila kitu kutoka pwani kilikuwa anasa

Watu wa Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, wamezoea kulipia umbali. Wasafiri wa Kizungu Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, ambayo leo ni sehemu ya Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134 njiani kutoka pwani. Henry Stanley, mwaka 1871, alitoka Bagamoyo akafika hapa kwa takriban miezi mitatu, na wakati huo hiyo ilihesabiwa kuwa mbio. Mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi ulikaribia frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushei. Tajiri aliyelipia miguu ya mtu kwa miezi mitatu alipakia vile vilivyorudisha fedha: vitambaa, shanga, waya za shaba. Kurudi, msafara ulibeba pembe za ndovu, na watu walikokotwa minyororoni. Tusiisimulie njia hii kana kwamba ilinukia iliki tu.

Vya kutia ladha mezani vilikuja kwa ajili ya matajiri wenyewe. Stanley aliandika jinsi Waarabu wa Tabora, wengi wao wenye asili ya Omani, walivyoletewa kutoka pwani kila mwaka chai, kahawa, sukari na viungo. Kabla yake, Burton alikaribishwa Kazeh na Snay bin Amir, na Speke alikuwa mgeni wa Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa mmoja wa wageni wa mwanzo kufungua biashara huku. Ukitembelea tembe la zamani la Kwihara, karibu na mji, ambalo sasa ni makumbusho, ukalitazama kama nyumba ya watu waliopika na kula, utaona maana ya kilo moja ya sukari kwa mtu aliyeisubiri tangu msimu uliopita.

Kisha mwaka 1912 reli ya Wajerumani ikafika Tabora. Sukari ikashuka bei, chai ikashuka, na leo zote mbili zinauzwa kwenye kibanda cha kila mtaa kwa vifuko vya kumaliza siku moja. Zafarani haikushuka hivyo, kwa sababu bei yake haikutokana na umbali. Ilitokana na vidole. Reli inafupisha njia, lakini hakuna aliyeleta mashine ya kuondoa kazi ya yule mwanamke wa Khorasan anayechomoa nyuzi tatu kutoka kwenye ua moja. Ndiyo maana nasema bei yenyewe ni jaribio la kwanza. Ukitajiwa gramu tano kwa bei ya soda mbili, unaambiwa kwamba kuna mtu aliyechuma maua 750 alfajiri, akayachambua, akayakausha, akayasafirisha kuvuka bahari, kisha akakuachia kwa bei ya soda. Hayupo.

Nilikuwa bado kijana nilipouziwa mbuzi kwenye gunia. Ilikuwa mji mmoja wa pwani, na muuzaji alikuwa mchangamfu mno. Nilirudi na kifuko kinene, nikamkabidhi shangazi yangu kwa madaha. Alichukua bakuli jeupe, akatia maji ya mtungini, akadondosha nyuzi chache. Maji yakawa mekundu papo hapo kama rosela, na nyuzi zikabaki nyeupe kama zimeugua. “Mwanangu,” akasema, “umenunua rangi, tena kwa bei mbaya.” Hakunicheka. Ningependelea angenicheka.

Majaribio ya kufanya dukani na nyumbani

Anza na macho. Uzi wa zafarani una umbo: mwembamba upande mmoja, kisha unapanuka taratibu kuelekea ncha, na ncha yenyewe imefunguka kama mdomo wa tarumbeta, ikiwa na kingo zilizochanikachanika. Haunyooki kama sindano. Rangi yake ni nyekundu iliyokolea, na pengine mwishoni mna kipande cha njano. Kipande hicho cha njano hakina rangi wala ladha ya maana, kwa hiyo huongeza uzito bila kuongeza kitu. Wairani huita sargol ile iliyokatwa ikabaki nyekundu tupu, na negin ile yenye nyuzi nene, ndefu na nyekundu. Mimi nina maoni tofauti kidogo na ya wafanyabiashara: kwa mnunuzi wa rejareja asiyemjua muuzaji, kipande kidogo cha njano si kibaya. Ni vigumu kughushi uzi wenye rangi mbili kuliko uzi uliotumbukizwa wote kwenye wino.

Kinachouzwa zaidi kwa jina la zafarani ni kartamu, ua la mmea wa jamii moja na alizeti. Ni vipande vya petali, vyepesi, vya rangi ya machungwa, vilivyokauka mpaka vinapukutika, na havina ule mdomo wa tarumbeta. Kartamu haimdhuru mtu kwenye wali, na rangi yake si mbaya. Uovu umo kwenye jina na bei. Wengine hutumia nywele za hindi zilizotiwa rangi, na hapo hata huruma niliyo nayo kwa kartamu hukoma.

Baada ya macho, pua. Zafarani nzuri inanukia asali na nyasi kavu, na nyuma yake kuna ukali kidogo kama wa dawa ya kidonda. Mtu aliyewahi kufungua mzinga mwezi wa kiangazi ataielewa harufu hiyo haraka. Halafu onja. Weka uzi mmoja ulimini utafune polepole: lazima uwe mchungu. Ukiwa mtamu, umechovywa kwenye maji ya sukari au asali ili uongezeke uzito. Ni ajabu kwamba kitu tunachojivunia Tabora nzima, kikiwa kwenye kikopo cha zafarani, kinakuwa ushahidi wa wizi.

Maji ndiyo jaribio la shangazi. Tumia bakuli jeupe au glasi na maji ya baridi au ya vuguvugu, kamwe yasiwe ya moto, maana maji ya moto huharakisha kila kitu na kumsaidia muongo. Tia nyuzi tano. Zafarani halisi haina haraka. Mwanzoni utaona uzi wa njano ya dhahabu ukishuka taratibu, na baada ya robo saa hivi maji yote yatakuwa ya dhahabu huku nyuzi zikiwa bado nyekundu. Ukiziacha usiku kucha, asubuhi bado zitakuwa na rangi. Ya bandia humwaga rangi nyekundu kwa mkupuo, kisha hupauka.

Ukiushuku unga, tumia magadi, yale yale ya kulainishia maharage. Koroga kidogo kwenye maji, kisha tia unga wako. Ukiwa na manjano ndani yake, maji yatageuka rangi ya kutu au nyekundu. Zafarani tupu itabaki njano. Lakini kwa nini ununue unga? Zafarani ya unga nunua kwa ndugu yako wa damu tu, na hata yeye mtazame usoni.

Udanganyifu huu ni wa kale. Mwaka 1444, mjini Nuremberg nchini Ujerumani, mfanyabiashara mmoja alichomwa moto hadharani pamoja na zafarani yake iliyochanganywa. Siku hizi mambo hupimwa maabara kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 3632, na namba inayotafutwa zaidi ni ya nguvu ya rangi. Daraja la kwanza huanzia 200. Kwa hiyo ukiona pakiti imeandikwa 220 au 250 kando ya namba ya kiwango, hiyo si gramu wala bei. Pakiti isiyo na namba si lazima iwe mbovu, ila yenye namba, mwaka wa mavuno na jina la mpakiaji ina mtu wa kushikwa shati.

Nchi iliyoandikwa kwenye kopo isikulevye. Irani peke yake hutoa karibu tisa ya kumi ya zafarani yote duniani, lakini vikwazo vya kibenki vimefanya sehemu yake ipitie Dubai na Hispania, ikafungwa upya na kuvaa jina jingine. Kopo lililoandikwa Hispania linaweza kuwa na nyuzi za Khorasan, na zikawa nzuri kabisa. Ila akikuambia mtu kwamba zafarani yake imelimwa Zanzibar, cheka naye kisha muage. Zanzibar ina karafuu, iliki, mdalasini na mzingefuri unaotoa rangi nyekundu, lakini zafarani hailimwi huko.

Vipimo na mfuko wako

Zafarani inanunuliwa kwa gramu. Mizani ya nyanya haiwezi kuiona kabisa, hivyo ukinunua zaidi ya gramu tano, omba ipimwe kwa mizani ya sonara. Wafanyabiashara wa zamani wa udi na dhahabu bado hutaja tola, na tola moja ni karibu gramu 11.7. Akikuambia tola, zidisha mwenyewe kabla hujakubali bei.

Njia ambayo wengi hapa huipata ni ndugu anayerudi kutoka Muscat, Dubai au Umra, au rafiki anayepita Kariakoo au Darajani. Ukimwagiza, usimwambie “niletee zafarani nzuri.” Mwambie: nyuzi, si unga, kopo lililofungwa, mavuno ya mwaka huu au uliopita, gramu kadhaa. Na mpe fedha mkononi. Ukimwambia atoe kwanza yeye, utaletewa ya bei nafuu na hutakuwa na pa kulalamika.

Ikifika, ihamishie kwenye chupa ndogo ya kioo au kopo la bati linalobana, uiweke kabatini, mbali na jiko na mbali na dirisha. Mwanga huila rangi, unyevu huila harufu. Iliyotunzwa vizuri hukaa miaka miwili bila kukuaibisha.

Wanaouza “mbegu za zafarani”

Kila baada ya muda huzuka mtu mwenye habari kwamba zafarani ni dhahabu nyekundu, ekari moja itakutoa, na yeye anazo mbegu. Zafarani haina mbegu. Mmea huu ni tasa: huongezeka kwa vitunguu vyake tu, na umepandwa kwa mikono ya watu kizazi hadi kizazi. Kwa hiyo kifuko cha “mbegu za zafarani” kina kartamu, au kina mbegu za kitu ambacho muuzaji mwenyewe hakijui. Hata ukiagiza vitunguu halisi, ua linahitaji kiangazi kikavu cha joto kikifuatiwa na majira ya baridi ya kweli. Tabora, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, baridi yetu ya Juni na Julai ni ya kuvaa sweta asubuhi na kulivua saa nne. Kitunguu hakitadanganyika. Fedha hiyo nunua mizinga, na maswali yako yapeleke Chuo cha Nyuki hapa hapa mjini.

Jikoni

Kosa kubwa ni kutupa nyuzi moja kwa moja kwenye sufuria inayochemka. Umelipia rangi, ladha na harufu. Moto mkali huifukuza harufu, na nyuzi zilizotupwa kavu hazitoi rangi yote. Chukua nusu gramu ya nyuzi kwa kila kilo ya mchele. Zitwange kwenye kinu kidogo pamoja na chembe za sukari au chumvi, mpaka ziwe unga. Mimina nusu kikombe cha maziwa ya vuguvugu, au maji na marashi ya waridi kidogo. Funika, acha nusu saa. Ukiwa na subira, acha saa nzima.

Pilau yetu haihitaji zafarani. Rangi yake inatoka kwenye kitunguu kilichokaangwa hadi kikawa cha kahawia, na karafuu na pilipili manga zitaimeza zafarani yako yote usiione tena. Kwenye biriani ndipo inapostahili. Wali ukishaiva na kuchujwa, upakue juu ya masala, nyunyiza ule mchanganyiko hapa na pale bila kukoroga, tia samli, funika, kisha palia makaa juu ya kifuniko. Ukifunua, punje nyingine zitakuwa nyeupe, nyingine za dhahabu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Wali ulio njano kila punje umepakwa rangi ya kopo.

Kwa harusi nitakuambia ukweli ambao mafundi wa biriani hawapendi kuusema. Ili ladha ya zafarani isikike sawasawa, inatakiwa ile nusu gramu kwa kilo ya mchele. Sufuria ya kilo ishirini inataka gramu kumi. Kwa harusi ya ukumbi mzima, tumia rangi ya chakula, usione haya, na hiyo zafarani ipeleke kwenye sinia za wazee na za bwana na bibi harusi. Hakuna anayeonja zafarani huku muziki umefunguliwa kiasi kile.

Chakula ninachokipenda zaidi hakina ufahari wowote: uji wa mchele wa Nzega, maziwa, nyuzi kumi zilizolowekwa, iliki moja, na asali ya nyuki wadogo iliyotiwa baada ya kuepua. Asali ya porini iliyokolea sana itaifunika zafarani. Ya nyuki wadogo ina uchachu kidogo, nayo inaiinua.

Kombe, na mengine ya kunywa

Ukiagiza kombe, ambalo mwalimu huandika aya kwenye sahani nyeupe kwa zafarani na marashi kisha maji ya kuoshea yakanywewa, uliza kwa adabu wino umetoka wapi. Siku hizi wengine huandika kwa rangi ya kopo. Kama ni rangi ya chakula, ni shauri lenu na mwalimu, lakini ipo mikebe ya rangi ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya tumbo la mtu. Njia nyepesi ni kwenda na zafarani yako mwenyewe. Gramu moja inatosha makombe mengi.

Mjamzito asinywe zafarani kama dawa. Nyuzi chache kwenye chakula hazina neno, lakini vipimo vikubwa vinaweza kuleta madhara, na gramu tano kwa mkupuo ni sumu kwa mtu yeyote. Wale wanaosema maziwa ya zafarani humfanya mtoto azaliwe mweupe waache waseme. Mtoto huchukua rangi kwa wazazi wake.

Ukiamua kuiuza, funga kwa nusu gramu na gramu moja, kwenye kikopo kinachoonyesha nyuzi, andika uzito, nchi na mwaka wa mavuno, na upite Shirika la Viwango, TBS, kabla hujaipeleka sokoni. Weka bakuli jeupe na maji kwenye kaunta. Mteja akiingia, mwombe achague uzi mmoja mwenyewe autie. Ataondoka kwa dakika kumi na tano akanunue mambo mengine, na akirudi atakuta maji ya dhahabu na uzi mwekundu. Maji hayo usiyamwage. Yatie kwenye chai ya maziwa ya jioni.